Jua tunalo Dodoma, lakini kalsiamu ipimwe kwanza

Wapo wanaoshikilia kwamba upungufu wa vitamini D ni maradhi ya nchi za baridi, si ya Dodoma yenye jua karibu mwaka mzima. Hoja yao ina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, ukakuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, ilhali upungufu huhesabiwa chini ya 50.

Lakini wale ni wafugaji na wawindaji, watu wanaoshinda juani. Karani anayeingia ofisini Mtumba, mji wa serikali, asubuhi na kutoka jioni halipati jua hilo, na ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi. Wanaosema upungufu upo hata huku wanasema kweli.

Kinachonitia wasiwasi ni haraka ya kumpa vidonge au sindano za vitamini D kila anayelalamikia mifupa. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele, ziitwazo parathiroidi. Hizo ndizo zinazolinda kalsiamu ya damu. Vitamini D ikipungua, utumbo hunyonya kalsiamu kidogo. Tezi huongeza homoni yake, nayo homoni huichota kalsiamu mifupani. Hapo kalsiamu ya damu huwa ya kawaida au chini kidogo, na vitamini D ndiyo dawa.

Tatizo ni pale tezi yenyewe inapoota uvimbe, ambao kwa kawaida si saratani, ikamwaga homoni hata kama kalsiamu inatosha. Kalsiamu hupanda, mgonjwa huandamwa na uchovu, kiu, choo kigumu, hata vijiwe vya figo. Tiba ya kuponya ni upasuaji. Na huyu naye mara nyingi vitamini D yake iko chini! Akipewa dozi kubwa bila kupimwa, kalsiamu yaweza kupanda zaidi.

Wapo madaktari wanaomnyima mgonjwa huyu vitamini D kabisa hadi apasuliwe. Naona wanazidisha: mifupa yenye njaa ya vitamini D huteseka, na baada ya upasuaji kalsiamu huweza kushuka ghafla. Miongozo ya kimataifa huruhusu dozi ndogo, kalsiamu ikifuatiliwa, nami naiunga mkono.

Kipimo cha homoni ya parathiroidi hakipatikani kila hospitali. Kwa mgonjwa wa Kondoa au Mpwapwa, vipimo vya kalsiamu, albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu) na kreatinini (kipimo cha figo) vinatosha kuanzia. Kalsiamu ikiwa juu, iandikwe rufaa kabla ya sindano.