Korti ikisema nyumba ya pamoja iuzwe, nani anaumia?

Huku Malindi watu wakisikia korti imeamuru nyumba ya mke na mume walioachana iuzwe wagawane pesa, wa kwanza kulaumiwa ni jaji. Eti kavunja nyumba, kawatupa watoto nje, sheria za kizungu hizi. Mimi naona lawama hio ina ukweli nusu, na nusu ya pili huwa hatuisemi manake yule anaeumia huko hayumo tena ndani ya hio nyumba, hatumuoni akipita.

Chukulia nyumba ya kawaida tu ya mtaa wa Majengo, vyumba sita na ukumbi katikati, choo uani. Walijenga wote wawili, mume akaleta mawe na mabati, mke akacheza vyama vya kuchangiana pesa mpaka sakafu ikapigwa simiti na milango ikatiwa. Ndoa imeisha, mke karudi kwa mamake na watoto, mume kabaki, na vyumba vitatu vina wapangaji wanaomtumia kodi kwa M-Pesa kila mwezi. Sa hapo ukija na huruma zako ukasema msiuze nyumba, iwekeni kwa ajili ya watoto, unamhurumia nani hasa? Watoto wako kwa nyanya yao wanalala wanne chumba kimoja, na baba ana kila sababu ya kuvuta kesi miaka kumi kwasababu kila mwezi unaopita yeye anakula kodi. Kwa mama huyu oda ya kuuza ndio njia pekee ya kupata jasho lake.

Haya geuza. Mama ndie aliebaki ndani na watoto, baba kahamia Mombasa kaoa, anataka chake. Nyumba ikipelekwa mnadani kila dalali mjini ashajua ni ya kesi, wanunuzi wanakuja na bei ya kutupa, na kabla wenyewe hawajagusa senti kuna wakili, kuna mthamini, kuna ada ya mnada. Fungu atakalopata mama halinunui hata ploti, seuze nyumba. Hapo mimi pia nasema korti imemuumiza.

Sheria yenyewe si kali hivyo watu wanavyoitangaza. Ile ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mchango si pesa tu, kulea watoto na kuangalia nyumba pia ni mchango, na kama mali imeandikwa majina yenu wawili korti inaanza na dhana kwamba mko sawa kwa sawa, anaepinga ndie alete ushahidi. Ila January 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikafafanua kwamba usawa ulioko kwenye katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mtu aonyeshe alichotia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nayo kuuza haikuweka mwanzo, kwanza mnatizama kama mali inagawanyika, isipogawanyika au ikigawanywa itaharibika ndo mambo ya kuuza yanakuja.

Kwa Waislamu kuna mlango wa kadhi, na ile sheria ya 2013 inaruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu kwenye mali ya ndoa. Lakini wanaokimbilia kwa kadhi wakidhani hapo hakuna kuuza wajue kwamba katika Uislamu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, ndoa haichanganyi, na mlichotia pamoja ni shirika, yaani ubia, kila mtu ana fungu. Ukitizama sana haiko mbali na ile hukumu ya 2023, na kote kuwili anaelia ni yule aliyetoa pesa za chama bila kuandika popote.

Kugawanya nako ni maneno mepesi tu. Hio nyumba ya vyumba sita uigawe vipi, ukumbi mmoja, choo kimoja, mita ya stima moja? Nyinyi hamsalimiani halafu mtanunua tokeni kwa zamu? Ukienda Lamu ndio usiseme, nyumba ya mawe ya mtaani ina ukuta mmoja na jirani, juu kuna wikio, kile chumba kama daraja, lapita juu ya kichochoro kwenda nyumba ya pili, na mji wenyewe ni urithi wa dunia tangu 2001 kwahivo huwezi ukaamka tu ukatoboa mlango wa pili ukasema huu wa mke. Tena kule ilikua desturi ya watu wa mji mzazi kumpa binti nyumba au ghorofa anapoolewa, mume ndie anahamia. Nyumba kama hio kama ni ya mke tangu kwao haistahili hata kuingia kwenye hesabu, na mume aliyepaka chokaa mara mbili asije akajiita mwenye nusu.

Kwa hizo villa za wageni wala sina neno, uza tu mgawane, hakuna anaelala nje.

Kwa nyumba ya kuishi mimi ningetaka korti ikishasema fungu la kila mtu, impe yule anaekaa na watoto nafasi ya kwanza kumlipa mwenziwe fungu lake, kwa bei ya mthamini sio ya mnada, na apewe muda wa maana wa kutafuta hizo pesa kwa ndugu au benki. Muda ukiisha hakuna kitu, iuzwe, na iuzwe sokoni kwanza kwa mtu wa kawaida, mnada uwe wa mwisho.

Alafu ile kodi ya wapangaji. Wakati kesi inaendelea isiingie simu ya mtu mmoja, mawakili waombe mapema iwekwe akaunti ya pamoja mpaka hukumu itoke. Akiikosa hio kodi hata huyo baba wa Majengo ataanza kufika kortini kwa wakati.