Huku Ughaibuni Nako Wanachimba

Kila lami ya Dar ikikatwa kupitisha waya, sisi wa majuu ndio wa kwanza kubeza mtandaoni: "Huku hawachimbi, wanapitisha chini kwa chini." Tusidanganyane. Uingereza wanachimba sana tu, ila mashimo yao ni madogo na mengi huchimbwa kabla mashine ya kutoboa chini kwa chini haijawashwa. Hapo ndipo wanapotuzidi. Mashine hata sisi tunaweza kuinunua.

Fundi wa huku huanza na michoro ya kila mwenye kitu chini: umeme, maji, gesi, simu. Akishaipata anapita juu ya njia yake na kifaa cha kutafuta nyaya, halafu anachimba kwa mkono kila mahali atakapokatiza bomba au waya wa mtu, mpaka auone kwa macho. Kuna kina kilichozoeleka: chini ya njia ya waenda kwa miguu, umeme mdogo (ule wa majumbani) sentimita 45, gesi 60, maji 75. Bomba la maji ni la bluu, la gesi la njano. Uswahilini bomba la maji unaweza kulikanyaga likiwa wazi juu ya ardhi, na hatua kumi mbele limezama usikojua. Kwa hiyo vishimo vya kuhakiki vinahitajika Dar kuliko London, na ndivyo vinavyorukwa kwanza ili kuokoa siku moja.

Kuvuka kichochoro cha mita 10 kunatosha kile chuma chenye ncha kinachojigonga mbele kwa hewa ya kompresa. Kanuni yake: kina kiwe angalau mara kumi ya unene wake. Chuma cha milimita 100 kiende mita moja chini, la sivyo njia ya juu inatuna. Hakina usukani. Kikigusa jiwe la matumbawe la Msasani kinaacha njia, na kwenye mchanga uliolowa chapachapa kinagonga bila kusogea kwa kukosa mshiko.

Umbali mrefu unataka mashine inayoongozwa. Inatoboa tundu dogo kwanza, kisha inarudi na kichwa cha kupanulia huku ikivuta bomba. Bomba la milimita 110 linataka tundu la kama 165, yaani mara moja na nusu. Kati ya kichwa na bomba lazima kiwepo kiungo kinachozunguka, bila hicho bomba litasokotwa. Tundu hilo lina ujazo wa lita 21 kwa kila mita, na kwenye mchanga sukuma kwa pampu angalau mara mbili ya hapo, lita 40 na ushee, tope la bentonaiti, udongo laini unaoumuka ukilowa. Ukivuta haraka kuliko pampu inavyoweza, mchanga unafunga na bomba linanasa. Ukizidisha shinikizo, tope linatokea sebuleni kwa mtu.

Maji ya kuchanganyia ndiyo mtego wa Dar. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na bentonaiti haiumuki kwenye chumvi. Inazama chini ya tangi na kuacha maji matupu. Magadi soda kidogo hulainisha maji magumu, lakini chumvi haiondoi. Agiza boza la maji yasiyo na chumvi.

Sasa ile ya kusukuma bomba la chuma chini ya barabara huku maji yakipiga mbele, mimi naipinga. Ni rahisi, kweli. Lakini maji yanakomba mchanga, yanaacha pango, na mvua za masika zikija lami inadidimia huku mkandarasi keshalipwa.

Tukija kwenye kuzibua mabomba ya majitaka, huku wanatumia mpira wa maji ya shinikizo kubwa. Anza chemba ya chini ya mteremko, siyo ya juu. Matundu ya nyuma ya pua, kile kichwa cha mbele ya mpira, yanausukuma mpira kupanda, kisha unauvuta taratibu ili uchafu ushuke kwako, uunyonye. Usipounyonya umehamishia tatizo kwa jirani. Na huku nako si peponi: mwaka 2017, chini ya Whitechapel, London, yaliganda mafuta na taulo za kupangusia urefu wa mita 250, tani kama 130, na mafundi walishika makoleo pamoja na hiyo mipira.

Kwa Dar, mchanga ndio adui, na mpira mwembamba wenye maji machache unautikisa tu. Bomba la inchi 6 linataka wingi wa maji kwanza, shinikizo baadaye. Ila hata mashine nzuri kiasi gani inaishia getini kama chemba imefunikwa kwa vigae vya baraza. Anayejenga sasa aache mfuniko wa sentimita 60 kwa 45 kila bomba linapokata kona, na achague wa zege: wa chuma utaishia kwenye mizani ya chuma chakavu.