Dodoso la Gharama Nafuu: Hesabu Inapoamua Nani Aulizwe

Kampuni inayotaka kujua wateja wake wanaionaje huduma yake hukutana mapema na swali ambalo halimo kwenye dodoso lenyewe: kila jibu lina gharama yake, na gharama hizo hazilingani. Kumpigia mteja simu ni nafuu kuliko kumfuata nyumbani, kumpata mtu anayeshinda kazini huhitaji kurudi mara mbili au tatu, na kuna kundi la wateja linalopokea simu kwa urahisi ilhali lingine hukata kabla mhojaji hajamaliza kujitambulisha. Kwa kuwa mara nyingi bajeti huwa imekwisha kupitishwa kabla ya sampuli kupangwa, kishawishi cha kuiachia kompyuta kazi ya kutafuta mchanganyiko wa mahojiano wenye gharama ndogo kabisa huwa kikubwa, na mbinu inayotajwa kwanza ni upangaji mstari. Wapo wanaoiona kuwa njia pekee ya kuitetea bajeti kwa hoja, na wapo, hasa miongoni mwa watakwimu, wanaoiona kuwa njia ya kisomi ya kuharibu sampuli. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinabishania kitu chenye thamani ndogo, yaani ile jumla ya chini kabisa inayotokea mwisho wa hesabu, na zinakipita kando kile kinachostahili kubishaniwa.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwanahisabati Leonid Kantorovich aliiandika mwaka 1939 katika Umoja wa Kisovieti, alipokuwa akitafuta namna bora ya kugawa kazi kwa mashine za sekta ya plaiwudi, na George Dantzig wa Marekani akabuni mwaka 1947 njia ya simpleksi, yaani utaratibu wa kulitafuta jibu bora, ambayo hadi leo imo katika programu nyingi za kukokotoa, ikiwemo Solver ya Excel. Kiini chake ni kwamba kuna lengo moja la kupunguza au kuongeza, kuna vigeu unavyoweza kuvibadilisha, na kuna masharti yasiyovunjwa. Navyo vyote huandikwa kwa uhusiano wa mstari ulionyooka, maana yake hojaji ya mia tano, yaani mahojiano na mtu wa mia tano, igharimu sawasawa na ile ya kwanza.

Tuchukue mfano mdogo ambao msomaji anaweza kuuhakiki kwa kalamu. Kampuni inataka mahojiano 1,000. Wateja wamegawanywa katika makundi mawili, vijana walio chini ya miaka 35 na wakubwa wa miaka 35 na zaidi, na njia ni mbili, simu na ana kwa ana. Kwa vizio vya gharama vyovyote vile, tuseme kijana kwa simu ni 4 na ana kwa ana ni 12, kwa sababu ni vigumu kumkuta nyumbani. Mkubwa kwa simu ni 5 na ana kwa ana ni 10. Menejimenti imeweka masharti manne juu ya ile jumla ya 1,000: vijana wasipungue 400, wakubwa wasipungue 450, mahojiano ya ana kwa ana yasipungue 300, na kati ya wakubwa angalau asilimia 40 waonwe ana kwa ana.

Kompyuta hujibu papo hapo: vijana 550, wote kwa simu, wakubwa 450, ambao 150 kati yao ni kwa simu na 300 ni ana kwa ana, jumla ya gharama ni vizio 5,950. Hakuna mpango mwingine unaotimiza masharti hayo kwa gharama ya chini zaidi, na hilo linathibitika kihisabati. Hapa ndipo watetezi wa mbinu wanaposimama imara. Meneja anayepanga kwa mazoea angegawa nusu kwa nusu, vijana 500 na wakubwa 500, akawaona ana kwa ana vijana 100 na wakubwa 200, akatumia 6,300. Masharti yote yametimizwa, lakini amelipa vizio 350 zaidi bila kujua amevilipia nini.

Watetezi wana hoja ya pili iliyo nzito kuliko hiyo, ingawa huitaja kwa nadra. Pamoja na jibu, hesabu hutoa kile kinachoitwa bei kivuli, yaani kiasi ambacho gharama ingebadilika kama sharti fulani lingelegezwa au kukazwa kwa kizio kimoja. Katika mfano wetu, kila mahojiano ya ana kwa ana yanayopunguzwa kwenye lile sharti la 300 huokoa vizio 5, na huendelea kuokoa 5 hadi yanapofika 180, ambapo sharti la asilimia 40 ya wakubwa huanza kubana. Kila mkubwa anayeongezwa juu ya 450 huongeza kizio 1 tu. Sharti la vijana 400 halina bei yoyote, kwa sababu mpango umelivuka bila kulazimishwa. Mkurugenzi aliyekuwa akiamini kwamba wakubwa ndio wanaokula bajeti anaona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba kinachokula bajeti ni ule mguu wa kumfuata mtu mlangoni. Sijui njia nyingine inayofikisha habari hiyo mezani kwa uwazi kama huo.

Sasa turudi kwenye jibu lenyewe tuliangalie kwa makini. Hakuna kijana hata mmoja aliyeonwa ana kwa ana, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Katika upangaji mstari jibu bora hupatikana kwenye kona ya eneo linaloruhusiwa, na kwenye kona baadhi ya vigeu huwa sifuri. Kompyuta imegundua kwamba kumfuata kijana huongeza 8 juu ya gharama ya simu na kumfuata mkubwa huongeza 5 tu, ikawatwisha wakubwa mzigo wote. Matokeo yake ni kwamba vijana wakionekana kuridhika zaidi na huduma kuliko wakubwa, hatutaweza kutenganisha athari ya umri na athari ya njia iliyotumika, kwa kuwa inajulikana vyema katika kazi hii kwamba mtu hujibu maswali tofauti anapomtazama mhojaji usoni na anapomsikia tu kwenye simu.

Tabia hiyo ya hesabu kupenya kila pengo lililoachwa wazi ilimpata hata mwasisi wake. Dantzig aliwahi kusimulia kwamba alipotaka kupunguza uzito alitunga tatizo la mlo wake mwenyewe na kulitia kwenye kompyuta, nayo ikampangia galoni 500 za siki, kwa sababu hakuwa ameweka kikomo. Alipoiondoa siki, ikamletea vipande 200 vya mchuzi mkavu kwa siku. Kosa halikuwa katika ukokotoaji, kwani ulikuwa sahihi kabisa. Lilikuwa katika mambo ambayo kila mtu anayajua kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kuyaandika.

Tuliandike basi lililosahaulika: angalau asilimia 20 ya vijana waonwe ana kwa ana. Mpango mpya ni vijana 440 kwa simu na 110 ana kwa ana, wakubwa 260 kwa simu na 190 ana kwa ana, na gharama ni 6,280. Ongezeko ni vizio 330, yaani kila kijana kati ya wale 110 ameongeza 3 juu ya gharama ya kumwona mkubwa badala yake. Linganisha sasa na yule meneja wa mazoea wa nusu kwa nusu, ambaye vijana wake 100 kati ya 500 ni asilimia 20 kamili. Yeye alitumia 6,300. Ile akiba ya 350 iliyotangazwa mwanzoni imebaki 20, na sehemu iliyobaki ilikuwa imetokana na kutowatembelea vijana kabisa. Wanaoisifu mbinu hii kwa asilimia za akiba wangefanya vema kwanza kueleza ni akiba ipi iliyotoka katika kupanga vizuri na ipi iliyotoka katika kuacha sharti.

Hata hivyo pingamizi zito la watakwimu haliishii kwenye sharti lililosahaulika. Linahusu usahihi. Mwaka 1934 mtakwimu Jerzy Neyman alionyesha jinsi ya kugawa sampuli katika matabaka, yaani makundi ya wahojiwa: idadi ya kila tabaka ifuate ukubwa wa tabaka hilo ukizidishwa na kiasi ambacho majibu yake hutofautiana, na katika upanuzi wa kanuni hiyo, gharama zikitofautiana kati ya matabaka, idadi hiyo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha gharama ya hojaji moja. Mantiki ya kipeuo hicho ni tofauti kabisa na mantiki ya mstari. Tabaka ambalo hojaji yake inagharimu mara nne ya lingine, mengine yote yakiwa sawa, hupunguziwa idadi kwa nusu, haliondolewi. Upangaji mstari hukimbilia upande wa nafuu mpaka sharti limzuie, kwa sababu kwake mhojiwa wa kwanza wa kundi na wa mia tano wana thamani ileile, ilhali katika takwimu wa kwanza ana thamani kubwa mno na wa mia tano ana thamani ndogo.

Athari yake yaweza kupimwa. Tuseme katika wateja wote vijana ni asilimia 40 na wakubwa ni 60. Mpango wa 6,280 una vijana 550 na wakubwa 450, hivyo wakati wa kuchambua itabidi majibu ya vijana yapunguzwe uzito na ya wakubwa yaongezewe. Kwa kanuni ya mtakwimu Leslie Kish ya kukadiria nguvu ya sampuli iliyotiwa uzani, mahojiano hayo 1,000 yana nguvu sawa na takribani 917 tu yasiyohitaji uzani. Mpango unaofuata uwiano wa wateja, vijana 400 na wakubwa 600, ukiwa na masharti yaleyale (80 na 240 ana kwa ana), hugharimu 6,440 lakini hubaki na nguvu yake yote ya 1,000. Ukigawanya, mpango wa kwanza unatoza karibu 6.85 kwa kila hojaji yenye nguvu kamili, na wa pili 6.44. Mpango ulioshinda shindano la gharama umeshindwa katika kile ambacho kampuni ilikuwa inakinunua.

Watetezi hujibu, na jibu lao lina haki, kwamba lawama hapa ni ya aliyetunga lengo. Mtakwimu angetoa kwanza idadi ya kila kundi kutokana na usahihi unaotakiwa, na hesabu ingeachiwa kuchagua njia, saa na timu. Nakubaliana nao, ila ikumbukwe kwamba katika mfano mdogo kama wetu, baada ya kufunga 400 na 600 hakuna kikubwa kilichobaki cha kuchagua. Mbinu huanza kulipia gharama yake pale penye kanda kadhaa, njia nne au tano, zamu za mchana na jioni, na timu zenye uwezo tofauti, ambapo masharti hufika kadhaa wa kadhaa na hakuna jicho la mtu linaloweza kuona ni lipi linabana.

Suala la gharama zisizo za mstari huzua kelele nyingi kuliko uzito wake. Wahojiwa rahisi wakiisha na kila anayefuata akagharimu zaidi, mkunjo huo hugawanywa katika vipande vya mstari na hesabu huendelea bila tatizo. Ugumu wa kweli huja kwenye gharama za mkupuo, kama kufungua kituo cha simu au kufunza timu ya eneo jipya, kwa sababu hapo uamuzi ni ndiyo au hapana, nao hudai upangaji wa namba kamili, yaani ule ambao haukubali jibu la nusu au robo.

Linalonisumbua zaidi ni kinachotokea mpango ukishatoka ofisini. Matokeo ya upangaji mstari ni idadi tupu, na mhojaji aliyepewa idadi huijaza kwa walio karibu. Hilo lilidhihirika katika uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 1948, ambapo waendeshaji wakuu wa kura za maoni, Gallup, Crossley na Roper, walitabiri wote kwamba Thomas Dewey angeshinda, na aliyeshinda akawa Harry Truman. Sampuli zao zilikuwa za migawo: kila mhojaji alitakiwa kupata idadi fulani ya watu wa jinsia, umri na hali fulani, na ndani ya idadi hiyo alikuwa huru kumchagua amtakaye. Migawo ilitimia, lakini watu waliopatikana hawakufanana vya kutosha na wapigakura. Haikuwa sababu pekee, kwani kura za maoni ziliachwa mapema na wapigakura wakabadilika mwishoni, lakini baada ya hapo kazi ya kura za maoni ilianza kuhama kutoka migawo kwenda sampuli za bahati nasibu.

Kwa hiyo ripoti ya upangaji ikisema vijana 110 waonwe ana kwa ana, lazima iambatane na orodha ya majina yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na agizo la kumrudia asiyepatikana kabla ya kumbadilisha na mwingine. Marudio hayo yana nauli na muda, na yanapaswa yawe yamehesabiwa ndani ya ile gharama ya 12 ya kumwona kijana tangu siku ya kwanza. Yasipokuwemo, basi 6,280 ni gharama ya dodoso lingine, lile litakalofanywa na vijana ambao walikuwa nyumbani siku hiyo.