Miaka 63 ya Fort Jesus Tusiyosimuliwa

Kuanzia 1895 hadi 1958, Fort Jesus, ngome ya Mreno hapa Mombasa, ilikuwa gereza la Mwingereza. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mtu anaweza kuzunguka ngome nzima, akapiga picha kila mzinga, akarudi kwao asijue.

Ya Mreno utaelezwa mpaka utosheke. Kwamba ujenzi ulianza 1593, ramani ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakaisha kwa njaa na maradhi. Utaonyeshwa pia michoro ya ukutani ya mabaharia wa Kireno, na hapo mimi husimama sana. Kuna meli, kuna samaki, kuna watu waliovaa deraya. Ukiitazama kwa karibu, unaona kabisa kuwa aliyechora alizijua meli kuliko alivyojua kumchora binadamu. Baharia yule jina lake halikubaki, lakini mtu anatoka pale akiwa amekutana naye.

Halafu inakuja sentensi moja: "Waingereza wakaifanya jela." Basi, tunapelekwa kwenye nyumba ya Waomani.

Sentensi moja kwa miaka 63! Mreno mwenyewe, tangu aweke jiwe la kwanza hadi kutolewa 1698, alikaa 105. Na wale wa miaka 63 si watu wa mbali. Ni watu wa pwani hii na wa bara, babu za wanafunzi wanaoteremshwa hapo langoni kwa mabasi ya shule kila muhula.

Kimya hiki hakikuzuka chenyewe. Ngome ilitangazwa turathi ya kuhifadhiwa mwaka 1958, ikakarabatiwa kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, uchimbaji ukasimamiwa na mwanaakiolojia James Kirkman, na jumba la makumbusho likafunguliwa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Yaani waliopanga lipi lioneshwe walikuwa chini ya serikali ileile iliyoshika funguo za seli. Ungetarajia waandike nini kuhusu wafungwa wao? Na UNESCO ilipoiingiza ngome kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ilisifu ustadi wa ngome za kijeshi za Kireno. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba sisi wenyewe, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, bado tunatembezwa kwa maelezo ya aliyeondoka.

Nimewahi kujibiwa barazani, kahawa ikiwa mkononi, kwamba pale hawakufungwa wanasiasa, walifungwa wezi na walevi. Wezi walikuwepo, sikatai. Lakini tuangalie sheria za wakati ule. Usipolipa kodi ya kibanda, kosa. Mwanamume Mwafrika kutembea bila kipande, kile cheti alichokivaa shingoni ndani ya kijikasha cha chuma, kosa. Kuacha kazi ya mzungu kabla ya mkataba kwisha, kosa. Sheria hizo zilitungwa ili mtu atoke shambani kwake akatafute mshahara, apende asipende. Anayefungwa kwa kuzikataa mimi namhesabu mfungwa wa kisiasa, hata kama hakuwahi kuhutubia mkutano wowote.

Na waliohutubia walikuwepo. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandarini, kwenye reli, mpaka majumbani mwa wazungu. Walikusanyika kila siku kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa kuzuiliwa mbali, Kabarnet. Mji huu ulitikiswa na watu wake wenyewe, na gereza la mji lilikuwa palepale Ngomeni. Mtoto wa Mombasa anaujua mwaka wa Vasco da Gama. Mgomo huo haujui.

Si kwamba Kenya haijui kazi hii. Kapenguria, vyumba walimofungiwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko ni makavazi tangu 1993, na mgeni anaingia ndani ya seli zenyewe. Afrika Kusini ilifungua Robben Island kwa umma mwaka 1997, na waliowatembeza wageni ni watu waliowahi kufungwa palepale. Lakini tunajua pia kuahirisha. Seli za chini ya Nyayo House, Nairobi, ambamo wapinzani wa serikali waliteswa miaka ya 1980, zilioneshwa umma mwaka 2003 na ahadi ya kuzigeuza ukumbusho ikatolewa. Walionusurika wanazidi kuzeeka wakiisubiri.

Wenye biashara wataniambia habari za jela hufukuza watalii. Robben Island watu hupanda boti kuifuata. Mgeni aliyekuja kutoka mbali anaweza kubeba ukweli. Wasiwasi huu ni wetu sisi.

Ninachoomba kwa Makavazi ya Kitaifa ni chumba kimoja. Kiwe ndani ya ngome, si bango nje karibu na wauza madafu. Kiwe na majina, na kando ya kila jina kosa lililoandikwa na mahakama, la mwizi kwa wizi wake na la mkosa kodi kwa kodi yake, msomaji ajipimie mwenyewe. Kiwe na sauti za watoto wa wafungwa na za watoto wa askari jela pia, maana nao wapo mjini humu na wana yao ya kusema. Kazi ya majina inaanzia kwenye majalada ya wakoloni yaliyoko kwenye hifadhi ya nyaraka Nairobi, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi, kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Kazi ya sauti haiwezi kungoja bajeti ya mwaka ujao. Aliyekuwa na miaka 10 gereza lilipofungwa sasa anakaribia 80, na kinasa sauti kipo kwenye kila simu.