Hakuwa Mamba, Lilikuwa Goti la Mti

Kwa kuwa mwenzangu kutoka Mwanza amekwisha kuwatangazia kwamba jana niliparamia mti huku nikilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, sina budi kutoa maelezo rasmi. Habari ya kuparamia mti ni chai. Habari ya kulia naomba tuiweke kando kwanza.

Mnajua kwamba niko Carolina Kusini, Marekani, kwa masomo ya misitu, na siku hizi tunapima miti katika bonde la mto Edisto. Maji ya mto huu ni meusi bila kuwa machafu: yamejichujia rangi kutoka kwenye majani yanayooza vinamasini, yakawa kama chai ya rangi iliyokolea, wala hayabebi tope jingi kama mito inayoshuka kutoka nyanda za udongo mwekundu huko bara. Mwishoni mwa majira ya baridi mto hufurika na kuingia msituni, na msitu wenyewe umetawaliwa na mialoni, yaani miti ya oak. Watu wa Mwanza, tulieni, si Mwaloni wa Kirumba, lile soko lenu la samaki. Huku hakuna dagaa.

Asubuhi ile niliwahutubia wanafunzi wawili wageni, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa delta ya Rufiji na kukulia kwenye matope ya mikoko, kwamba katika msitu wa namna hii tofauti ya kimo cha ardhi isiyofika hata mita moja inatosha kubadilisha miti. Palipoinuka kidogo utaona mwaloni uitwao Quercus laurifolia. Ukishuka unakutana na Quercus lyrata, ambao kikombe cha tunda lake hulifunika karibu lote na kulisaidia kuelea. Ukishuka zaidi mialoni inakwisha, unabaki na miberoshi ya majini na mitupelo, miti mingine ya vinamasini. "Ukiijua miti," nilisema, "fimbo ya kupimia kina ni mzigo tu." Fimbo yangu nikamwachia mwenzangu.

Basi nikashika ncha ya utepe wa kupimia, nimevaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, maji yakiwa magotini, nikawa ninaongea huku natembea. Nilipita laurifolia. Nikapita lyrata, nikaupigapiga shina kama ng'ombe wangu. Mbele yangu ulisimama mtupelo, shina limevimba chini kama mtungi, nami nikauona, nikautaja jina, nikawaonyesha wageni kwa kidole, kisha nikapiga hatua kuuelekea.

Mguu haukukuta kitu.

Naomba mnielewe kwamba mtu hatumbukii mara moja. Kwanza maji yalifika mapajani, nami nilikuwa bado nasema neno "kina". Kisha yakafika kiunoni, yakapanda hadi kifuani, yakasimama kidogo kwenye ukingo wa ile suruali, kana kwamba yanabisha hodi, halafu yakaingia yote kwa pamoja, ya baridi, yakishuka tumboni hadi kwenye soli. Utepe sikuuachia, hilo liandikwe. Ndipo kitu kigumu, chenye ncha butu, kilipoligusa paja langu taratibu kutoka chini, katika maji ambayo hata mkono wangu mwenyewe sikuuona. Nilikuwa nimefundishwa vizuri kwamba katika baridi hii aligeta, yule mamba wa huku, hana hamu ya kula. Elimu hiyo ilinitoka. Nilipiga ukelele wa "Mama, ananila!" kwa Kiswahili fasaha, nikaukumbatia mtupelo kwa mikono na miguu. Kuukumbatia, si kuuparamia. Nimeteleza mara tatu, kwa hiyo hoja ya urefu haipo.

Lilikuwa goti la mberoshi, yale mashina mafupi yanayochomoza kutoka mizizini. Mimi, mtoto wa mikoko, ambaye nimejikwaa kwenye mizizi inayochomoza matopeni tangu sijaota meno.

Walinivuta kwa ile fimbo, nikamwaga maji ya suruali, nikapewa blanketi, tukaendelea na kazi. Kwenye fomu ya vipimo vya siku, katika safu ya kina cha maji, mwenzangu ameandika "kwapa", na mwalimu wetu, asiyejua Kiswahili, ameniuliza leo kwa heshima zote kama hicho ni kipimo cha kwetu.