Kifaa cha Daktari wa Angani

Nilikipata mnadani kwa njia ya mtandao, baada ya kukesha nikishindana bei na mtu mkaidi nisiyemjua, ambaye hadi leo simwombei mema. Kilikuwa kidude chembamba cha chuma, kirefu kama kidole, na mtu ambaye hakuelezwa angeweza kukitazama mchana kutwa bila kujua ni cha kazi gani. Hapo ndipo ilipokuwa thamani yake.

Katika kipindi cha Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, kilichorushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, kisa kilihusu kiumbe anayeua watu kwa uchu wa chumvi, na waandaaji walinunua vinyunyizio vya chumvi vyenye maumbo ya kigeni ili vifanane na vitu vya karne zijazo. Vilipofika vilionekana vya ajabu mno, ikahofiwa kwamba hakuna mtazamaji atakayetambua kuwa ni vya chumvi. Basi vikatumiwa vya kawaida, na vile vya ajabu akakabidhiwa Daktari McCoy, akawa anatibia navyo wagonjwa wake angani. Changu hakikuwahi kuingia studio. Kilikuwa cha muundo uleule tu, nacho kwetu sisi wakusanyaji kinatosha kabisa kumnyima mtu usingizi.

Nilikiweka katika kabati la vioo, kando ya modeli ya Enterprise, chombo cha angani cha tamthilia hiyo, niliyoiunganisha mwenyewe, ambayo ukiilinganisha na ile ya studio yenye urefu wa zaidi ya mita 3, iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, ni kifaranga mbele ya mbuni. Kidude nilikishika kwa glavu. Mke wangu aliwahi kuniuliza kwa nini yeye hajawahi kushikwa kwa uangalifu wa namna hiyo, nami nikajifanya sikusikia.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta nafasi tupu katika kabati. Nilipekua droo zote, nikainua mazulia, nikamwandikia muuzaji kumuuliza kama aliwahi kupata habari za wezi wanaofuatilia mizigo yake hadi majumbani mwa wateja, swali ambalo alilijibu kwa adabu iliyonitia aibu zaidi kuliko tusi. Nilikaa mezani usiku ule nimenuna, nikajihudumia chakula, na kwa kuwa kilikuwa hakijakolea, nikanyoosha mkono, nikachukua chumvi, nikanyunyiza mara mbili, nikarudisha. Nilikuwa katikati ya kuilalamikia familia nzima juu ya wizi huo nilipogundua kwamba kile nilichokuwa nimekirudisha mezani ndicho nilichokuwa nakililia.

“Mama,” nilisema, sauti ikiwa imenikauka, “hiki umekitoa wapi?”

“Katika lile kabati lako la vidoli, mwanangu. Nimekiosha vizuri kwa sabuni na steelwool, kilikuwa kimefifia. Chumvi mnaiweka ndani ya gilasi kama watu wanaohama.”

Ule ufifio nilikuwa nimeulipia. Hata hivyo, kwa heshima yote anayostahili mkwe, nilimsimulia habari za mwaka 1966 tangu mwanzo: kiumbe, waandaaji, hofu yao, daktari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Kwa hiyo hao mabwana wa sinema,” aliuliza, “walidhani watu hawatajua kuwa hiki ni cha chumvi?”

“Ndiyo, Mama.”

Alikigeuza juu chini, akayatazama matundu yake, akanitazama na mimi kwa huruma.

“Mwanangu, vitu hivi huuzwa viwili viwili. Cha pilipili manga kiko wapi?”

Mke wangu alicheka hadi akaondoka mezani. Mimi nilisubiri wote walale, nikawasha kompyuta, nikamkuta yule mkaidi wa mnadani amekwisha kunitangulia.