Mwacheni binti, mwulizeni muuza duka

Siku hizi vitu vya shule ya bweni vina orodha mbili. Shule inatoa yake: godoro, ndoo, sabuni ya mche, karatasi za chooni, jeli ya kupaka. Binti naye ana yake, kaiandika nyuma ya daftari la hesabu: sabuni ya uso ya povu, tona (maji ya kufutia uso), seramu (majimaji mazito ya kupaka usoni) ya vitamini C, krimu ya chini ya macho. Yuko darasa la sita. Chini ya macho yenyewe hamna kitu ila usingizi.

Kina mama wenzangu hapa Kampala hasira zao zote wamezielekeza TikTok. Sawa, nayo ina lake. Umri wa kujiunga ni kuanzia miaka 13, ila mtoto anatumia simu ya mama na akaunti ya mama, kwa hiyo anaoneshwa video za kuondoa mikunjo kana kwamba anayetazama ni mtu mzima anayekaribia arobaini. Baada ya wiki mbili za likizo anaongea habari za retinoli, kile kiungo cha krimu za kuondoa mikunjo, kama mfamasia.

Mimi huyu binti simshangai. Shule zetu nyingi zinamnyoa nywele sawasawa na kaka yake. Hereni marufuku, kucha fupi, sare moja kwa wote. Basi amebakiwa na uso tu, ndio wake peke yake. Mtoto wa miaka 11 kutaka kuutunza uso wake si uhuni, na sioni kwa nini atukanwe mbele ya wageni kwa ajili ya chupa ya tona.

Kinachonitia wasiwasi ni hicho kilichomo ndani ya chupa, na zaidi yake, duka alikokipata.

Retinoli na zile asidi za kung'arisha ngozi zilitengenezewa ngozi iliyoanza kuchoka, ngozi inayohitaji kusukumwa ijitengeneze upya. Ngozi ya mtoto inajitengeneza yenyewe bila kusukumwa na yeyote. Ukiilazimisha inawasha, inababuka, inakuwa nyekundu au inaacha madoa. Halafu vitu hivyo vinaifanya ngozi iwe dhaifu mbele ya jua, na sisi Ikweta inapita papa hapa Kayabwe, barabara ya Masaka. Mtoto apake asidi usiku, asubuhi asimame paredi, mchana acheze netiboli saa nane juani! Huko Uswidi, ambako jua lenyewe ni la kubahatisha, mwaka 2024 maduka ya dawa ya Apotek Hjärtat yaliamua kutowauzia watoto wa chini ya miaka 15 baadhi ya vipodozi vikali bila ruhusa ya mzazi.

Sasa turudi kwetu. Ile seramu ya chapa ya Drunk Elephant anayoiona kwenye simu ni ghali mno kwa wengi wetu, na muuza duka analijua hilo. Atamwambia binti, "Hiyo sina, ila nina nyingine inafanya kazi hiyohiyo." Nimesimama kwenye duka la namna hiyo nikaona kazi yenyewe: kijiko kimoja kinaingia kwenye kopo kubwa, kinachota, kinaingia kwenye la pili, kinaongezwa mafuta kutoka chupa isiyo na karatasi, vinakorogwa, vinatiwa kwenye kikopo kilichowahi kuwa cha kitu kingine. Bei ni ya mfukoni mwa mwanafunzi. Anaulizwa swali moja tu: unataka ing'ae kiasi gani?

Huo ni mkorogo. Binti aliingia akitafuta uso msafi, anatoka na dawa ya kujichubua, wala hajui. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi ikawa nyeusi ya kibuluu, kinyume kabisa na alichokitaka mtu. Krimu za steroidi, ambazo ni dawa za daktari, zinaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Marufuku ipo, mkorogo nao upo, tena mchana kweupe.

Na tusijifanye watoto walijifunza weupe kwenye simu. Ni sisi tunaosema sebuleni, mbele ya mabinti wawili wa mama mmoja, kwamba huyu mweupe atatuletea mahari ya maana. Yule mwingine anasikia. Ssenga wa zamani, yaani shangazi anayemfunda msichana, alikuwa na maneno yake makali kuhusu mwili wa msichana, mengine siyapendi hata kidogo, lakini angalau hakuwa na bidhaa ya kumuuzia.

Ningekuwa na sauti, ningewaomba wakaguzi wasiishie kwenye maghala ya Kikuubo, soko la jumla la hapa Kampala. Waende kwenye vibanda vya karibu na shule, muhula unapofunguliwa. Mtoto mwenye sare haruhusiwi kuuziwa waragi, ile pombe kali, na hakuna anayeona ajabu. Kikopo kisicho na jina kwa nini auziwe?

Nyumbani mambo ni rahisi zaidi. Mnunulie sabuni laini ya uso iwe yake mwenyewe, aiandike jina. Jeli inatosha, au moo yaa, yaani mafuta ya shea, kutoka kaskazini, kama huko Lira, ambayo bibi zetu walipaka bila kufundishwa na mtu. Pesa ikiruhusu, ongeza krimu ya kuzuia jua. Akitokwa na chunusi nyingi, nendeni kwa daktari wa ngozi, msiende dukani. Na kabla sanduku halijafungwa, pitieni wote wawili kila kopo: lisiloandikwa kilichomo ndani, libaki nyumbani.